Kutoka Colito hadi Lugalo

Daladala za Tegeta zikitoka Mwenge, konda huita "Lugalo!" na abiria wachache hushuka karibu na geti la jeshi. Jina tumelizoea hata hatuulizi lilikotoka. Lakini mwaka 1961 Tanganyika ilipopata uhuru, kambi hiyo iliitwa Colito, na aliyefuatilia majina hayo mawili amekwisha kuipata nusu ya historia ya jeshi letu.

Colito ni mahali Ethiopia. Mei 19, 1941, katika vita dhidi ya Waitaliano, sajini mmoja mlowezi wa Kenya, Nigel Leakey, alikirukia kifaru cha adui, akafungua kifuniko na kuwapiga risasi waliokuwamo ndani isipokuwa dereva. Alikwenda kukikabili kingine, hakurudi. Uingereza ilimtunuku Victoria Cross, nishani yake ya juu kabisa ya ushujaa. Alikuwa wa bataliani ya 6 ya King's African Rifles, jeshi ambalo wazee wetu waliliita Keya.

Keya iliundwa Januari 1902 kwa kuunganisha vikosi vilivyokuwapo katika makoloni. Bataliani ya 1 na ya 2 zilitoka Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Ya 3 Kenya, ya 4 na ya 5 Uganda, ya 6 Somalia ya Waingereza. Hiyo ya 6 ilivunjwa mwaka 1910, ikafufuliwa mwaka 1917 katikati ya vita vya kuwania Tanganyika. Safari hii iliandikisha hata askari waliotekwa kutoka jeshi la Wajerumani. Yaani mtu aliyekuwa ombasha (koplo) kwa Mjerumani jana, leo alipiga saluti kwa Mwingereza. Vita vilipoisha mwaka 1918, Keya ilikuwa imefikia bataliani 22.

Bendera zilibadilika, lugha ya kambini ikabaki. Askari wa mwanzo wa Wajerumani wengi walikuwa Wasudani, nao walikuja na vyeo vya jeshi la Misri: ombasha, shaushi, efendi. Ombasha amesahaulika. Efendi tunaye mpaka leo: ndiye "afande" anayeitikiwa kila asubuhi kwenye gwaride.

Desemba 9, 1961, bataliani ya 6 ikawa bataliani ya kwanza ya Tanganyika Rifles hapo Colito; ya 26 ikawa ya pili, Tabora. Jina lilikuwa jipya, lakini maofisa walibaki wengi wao Waingereza, na mishahara ya askari ilikuwa midogo. Usiku wa kuamkia Januari 20, 1964, askari wa Colito waliwaweka maofisa wao chini ya ulinzi na kuingia mjini. Kesho yake Tabora ikafuata, kisha Jinja nchini Uganda na Lanet nchini Kenya. Mwalimu Nyerere alilazimika kuomba msaada wa Uingereza, na aibu hiyo hakuificha. Alfajiri ya Januari 25 makomando walishuka Colito kwa helikopta kutoka manowari Centaur, na uasi ukazimwa.

Hapo Serikali ilichukua uamuzi ambao kwangu ndio mkubwa kuliko yote katika historia hii. Haikukarabati jeshi lile, ililivunja. Wanajeshi wa Nigeria walikuja kushika ulinzi, huku vijana wapya wakitafutwa katika Umoja wa Vijana wa TANU na katika Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa Julai 10, 1963. Septemba 1, 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), chini ya Mrisho Sarakikya. Namba za Keya zilizikwa pamoja na jeshi lake.

Jina la Colito nalo likaondoka, mahali pake likaja Lugalo. Lugalo ni mahali karibu na Iringa ambapo, Agosti 17, 1891, Wahehe wa Mkwawa walikivamia kikosi cha Mjerumani Emil von Zelewski, aliyeitwa Nyundo, wakamuua yeye na sehemu kubwa ya askari wake.

Walioandikishwa Keya, wakapigana Ethiopia na Burma, hawana kambi yenye majina yao. Sanamu ya Askari pale Posta, iliyosimamishwa mwaka 1927, inawaenzi wapiganaji na wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, lakini haitaji hata mmoja kwa jina. Ikiwa nyumbani kwenu kuna nishani au cheti cha babu aliyekuwa Keya, nakuomba andika jina lake, namba ya bataliani yake na kijiji alichotoka, kabla wanaomkumbuka hawajaondoka.