Ugomvi wa kilo moja katika maji ya Wisconsin

Mwaka 1949, ndani ya miezi mitatu, Kaunti ya Sawyer kaskazini mwa jimbo la Wisconsin, Marekani, ilitoa samaki wawili ambao kesi yao haijaisha hadi leo. Wa kwanza alivuliwa tarehe 24 Julai katika ziwa Lac Courte Oreilles na Cal Johnson, mwandishi wa habari za uvuvi: ratili 67 na nusu, yaani kilo 30.6. Wa pili alitolewa tarehe 20 Oktoba na Louis Spray katika bwawa la Chippewa Flowage: ratili 69 na wakia 11, kilo 31.6. IGFA, chama cha kimataifa kinachotunza rekodi za uvuvi wa michezo, kinamtambua Johnson. Jumba la Heshima la Uvuvi wa Maji Baridi, lililopo mji wa Hayward katika kaunti hiyohiyo, linamtambua Spray. Miaka 75 na ushei imepita, na tofauti ni kilo moja.

Samaki mwenyewe anaitwa muskellunge, na wenyeji humkatizia jina, maski. Ni mrefu, mwembamba, mdomo bapa uliojaa meno, na hujibanza kwenye magugu maji akingoja windo lipite. Mvuvi wa Ukerewe au Kisumu atauliza: kelele zote hizi kwa samaki wa kilo 31? Rekodi ya IGFA ya sangara, aliyevuliwa Ziwa Nasser, Misri, mwaka 2000, ni kilo 104. Swali la haki. Lakini sangara mwenye njaa hula. Maski hukifuata chambo mita 30, akafika nacho hadi ubavuni mwa mashua, akakitazama, akazama zake. Wamarekani wanamwita samaki wa mitupo elfu kumi, na hawatanii sana.

Ndiyo maana anayemvua maski haachi kazi chambo kinapofika miguuni. Huizamisha ncha ya ufito majini na kuchora namba 8, taratibu kwenye mstari, haraka kwenye kona, mara mbili au tatu, hata kama haoni kitu. Samaki aliyekuwa akifuata chini kwa chini mara nyingi hughairi hapo, kwenye kona, na kukipiga chambo huku mshipi uliobaki nje ya ufito hauzidi urefu wa mkono. Mbele ya chambo pana kipande cha waya, maana meno yale hukata mshipi kama haukuwepo.

Kuhusu 1949, wengi wetu tunaosimulia tunamtegemea mtu mmoja, John Dettloff, mwanahistoria wa Chippewa Flowage aliyeandika maisha ya Spray, pamoja na ripoti ya mwaka 2005 ya wapinzani wa Spray. Kwa hiyo nami nitakwenda walikokwenda, ingawa naona pande zote mbili zimeacha nusu ya habari ufukweni.

Nusu hiyo huanza na chambo. Kabla ya kiwanda chochote cha vyambo, Waojibwe, watu wa asili wa maziwa haya, walichonga samaki wa mbao, wakamtia risasi tumboni ili azame na mapezi ya bati ili azunguke, wakamning'iniza katika tundu la barafu. Mvuvi alilala kifudifudi ndani ya kibanda cha giza, mkono mmoja ukimchezesha samaki wa mbao, mwingine ukishika mkuki. Chambo hakikuwa na ndoana hata moja. Kazi yake ilikuwa kumfanya samaki mkubwa asogee na kutulia kwa kitambo cha pumzi moja. Mafundi wa Lac du Flambeau ndio walioheshimika zaidi kwa uchongaji huo, na leo kazi zao za zamani zinagombaniwa na wakusanyaji wa sanaa.

Vyambo vya madukani vilifuata. Kisa cha Julio Buel kudondosha kijiko ziwani na kuona samaki akikirukia kimesimuliwa mno. Lililo na karatasi ni hataza yake ya chambo cha kijiko, ya mwaka 1852. Mwaka 1874 G. M. Skinner wa Clayton, New York, kwenye Mto St. Lawrence, akapata hataza ya bamba lenye mifuo, linalometameta likizunguka. Kisha ikaja mbao iliyopakwa rangi: kampuni ya Creek Chub ya Indiana ikatoa Pikie Minnow miaka ya 1920, na maski wakaipenda.

Mji ulioacha alama kubwa kuliko saizi yake ni Antigo, Wisconsin. Hapo Frank Suick alichonga ubao wa kipande kimoja, akautia mkia wa bati unaoweza kupindwa kwa vidole. Ukivutwa kwa kishindo huzama, ukiachwa huibuka polepole, na maski huupiga unapoibuka. Simulizi ya familia inasema Suick alitoa maski 30 kwa siku 30 mfululizo katika Ziwa Pelican, na hakuna tangazo lililowahi kuuza chambo kuliko simulizi hiyo. Hapohapo Antigo, mwenye duka la vifaa vya uvuvi, Todd Sheldon, alikuwa akivua siku moja ya mwaka 1951 katika Mto Wolf bila kupata kitu, akafunga chambo kidogo cha Kifaransa alichopewa na Frank Velek, askari aliyerudi kutoka Ulaya. Akatoka na trauti wanne waliopita ratili 12 kwa pamoja. Kampuni ya chambo hicho, Mepps, husimulia kilichofuata: Velek alikuwa akiandikiana na mwanamke mmoja huko Ufaransa, basi soksi ndefu za nailoni zikaenda, vyambo vya Mepps vikaja, hadi soksi zikamtosha yule mama na Sheldon akalazimika kuagiza kiwandani. Baadaye Antigo ikavifunga nywele za mkia wa kulungu, kwa ukubwa wa kumshtua maski.

Na hapa ndipo majira yanapoingia. Maski hutaga barafu ikishayeyuka, maji yakiwa kati ya nyuzi 10 na 15 za Selsiasi, kwenye vina vifupi. Hachimbi kiota, halindi yai. Anatawanya na kuondoka. Kaskazini mwa Wisconsin msimu wake hufunguliwa mwishoni mwa Mei ili amalize kwanza. Siku hizo za mwanzo jike amechoka na samaki wadogo anaowala bado ni wadogo kweli, kwa hiyo chambo kikubwa cha vuli humpita bila kuguswa. Wazoefu huenda kwenye ghuba za kina kifupi zenye tope jeusi, zile za upande wa kaskazini zinazopigwa na jua mchana kutwa, mahali ambapo magugu mapya yamefika nusu ya kina. Hutupa bamba dogo linalozunguka lenye nywele za kulungu, au samaki wa mbao wa inchi 5 au 6 anayetetemeshwa kwa ncha ya ufito kisha akaachwa atulie. Katika maji ya rangi ya chai, kama yale ya Chippewa Flowage, rangi nyeusi huonekana vizuri kuliko nyekundu zote za dukani, kwa sababu samaki hukiona chambo kwa chini, kikiwa kivuli dhidi ya anga.

Sasa tumrudie Spray. Alikuwa mwuza pombe ya magendo enzi za marufuku, baadaye mwenye baa, na alikuwa ameshadai rekodi mbili kabla, mwaka 1939 na 1940. Huyu wa tatu hakumtoa kwa ubao wa Suick wala kwa bamba la mtu yeyote; alitumia samaki hai kama chambo. Wenzake wawili walikuwa ndani ya mashua, na mmoja wao, George Quentmeyer, alimmalizia maski kwa bastola, jambo ambalo sheria ya wakati huo iliruhusu. Urefu uliotangazwa ni inchi 63 na nusu, sentimita 161. Mwaka 1959 samaki aliyekaushwa aliteketea kwa moto. Zikabaki picha, viapo na maneno ya watu wa baa.

Kwa miaka mingi hilo halikumkera mtu, maana rekodi ilikuwa imekwenda New York. Mwaka 1957 Art Lawton alitangaza maski wa ratili 69 na wakia 15 kutoka Mto St. Lawrence, akawapita wote. Wisconsin ilimeza uchungu kwa miaka 35. Ndipo Dettloff alipozichukua picha za Lawton, akazipima, akakusanya na ushahidi wa watu, na mwaka 1992 samaki wa Lawton akafutwa. Taji likarudi Hayward. Mji ambao tayari ulikuwa na sanamu ya maski ya nyuzi za kioo yenye urefu wa futi 143, ambayo watu hupanda ndani na kusimama kwenye taya zake, haukuhitaji kushawishiwa.

Mwaka 2005 kundi lililojiita World Record Muskie Alliance likatumia silaha ileile. Likawapa wataalamu picha za Spray, nao wakahesabu kutoka urefu wa mwili wake na pembe ya kamera, wakasema samaki yule alipungua takriban inchi 10 kutoka urefu uliotangazwa. Samaki mfupi hivyo hawezi kubeba kilo 31 hata angejazwa mawe. Jumba la Heshima likawapa hesabu wanahisabati wake, na Januari 2006 bodi ikaamua kwamba picha hazitoshi kumvua Spray taji. Dettloff, aliyemwangusha Lawton kwa picha, alisimama upande wa wanaosema picha zinadanganya. Kundi lilelile baadaye likamgeukia Johnson, ambaye samaki wake amehifadhiwa katika kabati la kioo kwenye baa ya Moccasin mjini Hayward. IGFA nayo ikamkingia kifua mtu wake.

Ripoti ya 2005 imenishawishi kuliko utetezi. Hata hivyo si inchi 10 zinazonisumbua, ni maji yenyewe. Chippewa Flowage si ziwa la asili. Ni bwawa lililojazwa mwaka 1923 na kampuni ya umeme, likazamisha kijiji cha Waojibwe cha Pahquahwong pamoja na makaburi yake na mashamba ya mpunga wa mwituni, huku kabila la Lac Courte Oreilles likiwa limekataa. Mwaka 1971 watu wa kabila hilo waliliteka lango la bwawa kwa siku kadhaa, wakidai haki zao. Watalii wanaoingia kwenye taya za sanamu kumsikia Spray wangestahili kusikia na hili.

Wala halikuishia 1971. Machi 1974, kwenye Ziwa Chief, ambalo ni sehemu ya bwawa hilohilo, ndugu wawili wa Lac Courte Oreilles, Fred na Mike Tribble, walitoboa barafu nje ya mpaka wa eneo la kabila wakiwa na mkuki, wakangoja askari wa wanyamapori. Walitaka kukamatwa. Hoja yao ilikuwa mikataba ya 1837 na 1842, ambamo Waojibwe waliachia ardhi lakini wakabakiza haki ya kuwinda na kuvua. Mwaka 1983 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikawapa ushindi. Mikuki ikarudi katika maji ya Aprili, usiku, kwa taa, barafu ikiyeyuka, kabla ya msimu wa mtu mwingine yeyote. Kuanzia 1987 hadi 1991 umati ulijaa kwenye vituo vya kushushia mashua, ukarusha mawe na matusi ambayo sitayaandika, ukidai samaki watakwisha. Hawakwisha. Idadi ya samaki wa mikuki huwekewa kikomo ziwa kwa ziwa na huhesabiwa gatini usiku uleule, jambo ambalo mvuvi wa Mei kwa kawaida hafanyiwi.

Kilichommaliza maski zaidi, kwa miaka mingi, ni desturi ya kumtundika kila mmoja ukutani. Iligeuka polepole baada ya mwaka 1966, chama cha Muskies Inc. kilipoanzishwa Minnesota na kuhimiza samaki arudishwe majini. Siku hizi katika maji mengi ya Wisconsin maski wa chini ya inchi 40 hachukuliwi, na aliyezidi hapo kwa kawaida hupigwa picha akaachiwa pia, ndiyo maana rekodi ya kilo haielekei kuvunjwa kwa mizani. Vyambo vimekuwa vya mpira laini, vikubwa kama kiatu. Antigo bado inachonga na kufunga nywele. Na tangu vipatikane vyombo vya sauti vinavyomwonyesha samaki kwenye kioo akiwa hai na akisogea mbele ya mashua, wavuvi wameanza kuulizana kama hiyo ni haki, na wengine wanataka vipigwe marufuku.