Umeme na moto: kutoka Kiabukwa mpaka Luviro

Huku Kanyabayonga tukisema "kuran" tunafikiri taa, telefoni na televisheni. Moto ni habari ingine: ni makala na kuni. Kutenga vitu hivi viwili kunatugharimu msitu na pesa, na historia inaonyesha kama si lazima.

Kule Denmark, kiisha bei ya mafuta kupanda 1973, serikali ilitunga sheria ya joto mwaka 1979. Joto la santrali za umeme, badala ya kutupwa, lipite katika mabomba ya maji ya moto chini ya barabara mpaka ndani ya nyumba. Leo, upepo ukiwa mwingi na umeme ukibaki, wanachemsha nao maji katika matangi makubwa, yanatumika kesho yake. Umeme ni vigumu kuuweka akiba. Maji ya moto yanakaa.

Mtaniambia sisi hatuna baridi ya kule. Ni kweli (hata kama asubuhi za hapa mlimani zinatetemesha). Lakini joto si la nyumba tu. Mwaka 1952, Kiabukwa, kule Katanga, maji ya moto ya ardhini, digri 91 hivi, yalizungusha mashine ya umeme kwa kazi ya mgodi. Ilikuwa ya kwanza ya namna hiyo Afrika, ndogo sana, kilowati 200 na kitu, na haikudumu. Wakenya ndio waliendelea. Olkaria ilianza kutoa umeme 1981, na mwaka 2003 shamba la maua la Oserian, jirani yake, lilianza kutumia joto la kisima cha mvuke kupasha nyumba za maua usiku. Unyevu unapungua, ukungu wa majani unapungua, na dawa ya kupulizia pia. Kama mwanakilimo, hiyo mimi naisoma kwa wivu.

Sasa turudi kwetu. Parke ya Virunga ilijenga santrali za maji: Mutwanga 2013, Matebe 2015 yenye karibu megawati 13, kiisha Luviro hapa Lubero. Sababu moja ilikuwa makala. Biashara hiyo ilikuwa inakula msitu, na mauaji ya sokwe wa mlima mwaka 2007 yalihusishwa nayo. Watu wakipata umeme, walifikiri, makala itapungua. Taa ziliwaka, biashara ndogo-ndogo zikafunguka, lakini bugali na maharagi bado viko juu ya mbabula.

Hapa ndipo kuna fundo lenyewe. Saa kumi na mbili ya mangaribi kila mtu anawasha taa, na ni saa ileile mama anapika. Kama nyumba zote zingepika na umeme wakati huo, laini ingeanguka. Lakini saa sita ya usiku mto unaendelea kushuka, turbini inazunguka, na wanunuzi wamelala. Luviro ilipata mnunuzi wa usiku: tangu 2020, parke iliweka pale mashine za kuchimba bitcoin. Pesa inasaidia parke, na siwezi kuicheka, kwa sababu umeme ule ungepotea bure. Ila mashine za namna hiyo zinageuza karibu umeme wote kuwa hewa ya moto. Kwangu, ile hewa ndiyo mali.

Kahawa yetu inaoshwa, kiisha inaanikwa juu ya meza. Mvua ikikaza, inaota ukungu na bei inaanguka. Kakao ya Beni vilevile: wengine wanaikausha na moto wa kuni, inanuka moshi, mnunuzi anaikataa.

Tangu Kanyabayonga iingie mikononi mwa M23, Juni 2024, kupanga chochote ni kazi ngumu. Hesabu lakini inaweza kufanyika hata leo. Ili kupata kilo 100 za kahawa ya ngozi iliyokauka asilimia 12, ukianzia asilimia 50 ya maji, unatoa maji kilo 76. Pamoja na hasara ya mashine, tuseme kilowati-saa 100. Megawati moja ya usiku, masaa nane, ni kilowati-saa 8,000: tani nane za kahawa kavu kabla jogoo hajawika.