Salfa Ilipoingia Bugarama

Mwaka 2001 Bugarama ilipokea wageni wawili. Mgodi jirani wa Bulyanhulu ulianza kuzalisha dhahabu, na Agosti ile Serikali ya Tanzania ikaacha klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria, ikaweka SP (sulfadoksini na pirimethamini). Nilikuwa na duka la dawa baridi. Wachimbaji walishaizoea klorokwini pamoja na muwasho wake: mtu anajikuna usiku kucha, asubuhi anaingia duarani.

SP ilikuja na hofu ya aina nyingine. Vidonge vitatu kwa mkupuo, na ndani yake mna salfa, kama ilivyo kwenye antibiotiki ya Septrini. Kwa watu wachache sana ngozi hubabuka kama ya aliyemwagiwa maji ya moto, macho na midomo ikachubuka. Na sulfadoksini hukaa mwilini kwa siku nyingi, ukishaimeza, umeimeza.

Mama wa Kisukuma hakupokea vidonge vya mtoto wake kabla ya kuuliza: “Dokta, hii ina salfa? Kwao baba yake zinawakataa.” Swali zuri, kuliko mengi niliyowahi kuulizwa dirishani pale. Ini huishughulikia salfa kwa kimeng’enya kinachotokana na jeni ya NAT2, na wanaorithi aina ya mwendo wa polepole Afrika Mashariki si haba. Kuna pia jeni za HLA, katika kromosomu ya 6, zinazousaidia mwili kumtambua adui. Mwaka 2013 watafiti walionyesha kuwa wagonjwa wa ukoma nchini China wenye HLA-B*13:01 ndio waliokuwa hatarini zaidi kudhuriwa na dapsoni, dawa inayokaribiana na salfa. Aina hiyo ya jeni kwetu ni adimu mno, hivyo kuipima hakumfai mtu wa Bugarama.

Ila ukoo nao una mipaka. Ndugu wa baba na mama mmoja wana nafasi moja kati ya nne tu ya kurithi HLA zilezile zote, sembuse mtoto na shangazi yake! Tena VVU huzidisha sana madhara ya salfa, na ukanda wetu wa dhahabu ulikuwa navyo.

Mwishoni mwa 2006 ALu (artemeta na lumefantrini) ikachukua nafasi ya SP kama dawa ya kwanza, SP ikabaki kliniki kwa wajawazito. Swali halikuondoka. Lilihamia kwenye Septrini, kisha hata kwenye amoksilini, ambayo haina salfa hata chembe.