Joto Limbikizi: Hesabu ya Mpanda Kanola

Muulize mkulima wa Saskatchewan, huko Kanada, kanola hupandwa lini, naye atakujibu kwamba hupandwa Mei. Kisha atachukua kipimajoto aende nacho shambani. Jibu la kwanza ni la kumridhisha mgeni. Uamuzi wenyewe utatoka kwenye udongo.

Kanada hulima kanola katika zaidi ya hekta milioni 8, karibu zote kwenye majimbo ya nyanda za magharibi: Saskatchewan, Alberta na Manitoba. Mbegu zake ndogo nyeusi hukamuliwa mafuta ya kupikia. Ni zao la juzi. Mzazi wake, rapa, alikuwa na mafuta yaliyotumika kulainisha mitambo ya meli wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na ni kazi ya wataalamu wa mbegu Keith Downey na Baldur Stefansson iliyoyafanya yafae jikoni. Aina ya Tower, ya Stefansson, ilitolewa mwaka 1974. Kwa nasaba, kanola na sukumawiki ni ndugu wa karibu, jambo linaloeleza kwa nini wadudu wanaolipenda moja hulipenda na jingine.

Kipimajoto cha mkulima yule kinasimama juu ya dhana ambayo Kiingereza huitaja kwa maneno matatu: la kwanza ni ukuaji, la pili ni nyuzi, la tatu ni siku. Mfasiri mwenye haraka hulidaka lile la mwisho akaandika “siku za ukuaji”. Msomaji naye anaelewa kwamba ni siku tangu kupanda hadi kuvuna. Hapo dhana imekwisha kugeuzwa, maana ilibuniwa ili mtu aache kuhesabu siku.

Hesabu yenyewe ni hii. Chukua halijoto ya juu kabisa ya siku na ya chini kabisa, zijumlishe, gawanya kwa 2. Kwenye wastani huo toa halijoto ambayo chini yake mmea haukui. Kwa kanola, wengi hutumia nyuzi 5 za Selsiasi. Siku iliyofika nyuzi 14 mchana na kushuka hadi 2 usiku ina wastani wa 8. Ukitoa 5, zinabaki 3. Siku ya 22 mchana na 8 usiku inaacha 10. Siku ya 9 mchana na hasi 1 usiku ina wastani wa 4, ambao haufiki 5, basi huandikwa sifuri. Haiandikwi hasi 1, kwa sababu mmea uliosimama kukua haurudi nyuma kuwa mfupi. Jumlisha masalio hayo siku hadi siku, nawe utajua mmea umefika wapi katika safari yake, hata kama kalenda inasema vingine. Katika mfano wetu, siku moja ya joto imefanya kazi ya zaidi ya siku tatu za ubaridi.

Fikra ya kujumlisha joto ni ya kale. Mwanasayansi Mfaransa René-Antoine de Réaumur aliiandika mwaka 1735, akitafuta sababu ya mavuno kuwahi mwaka mmoja na kuchelewa mwaka mwingine. Alijumlisha halijoto za kila siku za miezi ya kukua, akaona kwamba kinachofanana kati ya mwaka na mwaka ni jumla hiyo, wala si idadi ya siku.

Sasa tuipe jina. Mimi nachagua *joto limbikizi*. Wanafizikia watanisuta, kwa kuwa wametenganisha joto, ambalo ni nishati, na halijoto, ambayo ni kipimo (wengine huiita jotoridi), na tunachojumlisha hapa ni halijoto. Wana haki. Ila “halijoto limbikizi” ina kasoro yake: halijoto ni hali ya wakati huo, na hali hairundikwi. Mkulima anajua kwamba joto la wiki nzima limeingia shambani, nami naona heri kumfuata yeye. *Kulimbika* kwa Kiswahili ni kuacha kitu kikusanyike kidogo kidogo hadi kitoshe, kama maji katika kisima kinachojaa taratibu. Mtumishi wa serikali anayedai malimbikizo ya mshahara hahitaji kufasiriwa.

Kipimo chake nakiita *nyuzi-siku*. Umbo hili tunalo tayari katika kilowati-saa, ambayo hakuna anayeidhani kuwa aina ya saa. Ni wati elfu moja zikitumika kwa saa moja. Vivyo hivyo nyuzi-siku 10 zaweza kuwa nyuzi 10 za siku moja au nyuzi 2 za siku tano. Na ile halijoto inayotolewa, ambayo baadhi ya watu huiita “halijoto ya msingi”, mimi nitaiita *kizingiti*. Msingi ni kitu cha kujengea juu yake. Hapa tunazungumzia mahali ambapo joto lisipopavuka halijaingia ndani, na neno la mahali hapo tunalo tangu zamani.

Turudi shambani, kwani istilahi isiyomsaidia mtu kuamua ni pambo. Kabla ya mmea kuchomoza, joto linalohusika ni la udongo, na udongo huchelewa kupata joto kuliko hewa. Mbegu ya kanola hufukiwa sentimita 1 hadi 2.5 tu, kwa hiyo kipimajoto huchomekwa kina hichohicho, asubuhi na tena jioni, na wastani wa vipimo hivyo kwa siku kadhaa ndio unaosomwa. Ushauri uliozoeleka ni kupanda wastani ukifika karibu na nyuzi 5. Mbegu inaweza kuanza kuota chini ya hapo, lakini kwa kujikokota. Katika udongo wenye joto huchomoza ndani ya wiki moja hivi. Katika udongo wa baridi huenda zikapita wiki mbili na zaidi, ikikaa inasubiri pamoja na vimelea vya kuozesha.

Kisha kuna mbawakavu. Ni wadogo, weusi, wanaruka mithili ya kiroboto, na hupitisha majira ya baridi wakiwa wamekwisha kukomaa, tayari kwa kula. Hewa ikifika nyuzi 15 au zaidi wanatoka na kutoboatoboa yale majani mawili ya kwanza ya mche. Mbegu hupakwa dawa dhidi yao, na dawa hiyo hukinga kwa wiki tatu au nne tangu kupandwa. Siku za dawa zinaanza kuhesabiwa mbegu inapoingia ardhini, wakati mmea unahesabu nyuzi-siku. Mwaka wa baridi, hesabu hizi mbili huachana: nusu ya kinga inaisha mche ukiwa bado chini ya udongo, na wadudu wanaupata mdogo na bila ulinzi. Hapa naona faida ya istilahi hii kuliko mahali pengine popote. Anayehesabu siku peke yake ataona kwamba amepanda mapema; anayehesabu joto ataona kwamba amepanda mapema bila kupata chochote.

Mbona basi wasisubiri hadi ardhi ipate joto kamili? Kwa sababu upande wa pili wa msimu nao una adui. Maua ya kanola hupukutika joto la mchana likikaribia nyuzi 30, na Julai ina siku hizo. Anayepanda mapema hutaka shamba lichanue kabla ya joto kali. Unyevu ulioachwa na theluji nao hupungua kila upepo unapovuma. Halafu kuna jalidi ya Septemba. (Tafadhali tusiuite mwezi huo wa Kanada “vuli”, ingawa vitabu vingine hufanya hivyo, kwani vuli ni mvua.) Jalidi ikizikuta mbegu hazijakomaa, rangi ya kijani hubaki ndani yake na kuingia katika mafuta. Daraja la kwanza la Kanada huruhusu mbegu za kijani zisizozidi asilimia 2. Zikizidi, bei inashuka.

Jalidi ya Mei haisemwi na joto limbikizi hata kidogo. Mche wa ngano hustahimili kwa kuwa sehemu inayotoa majani mapya imejificha chini ya ardhi. Ya kanola iko juu, katikati ya yale majani mawili ya kwanza, na usiku mmoja wa baridi kali waweza kuiua hata kama jumla ya nyuzi-siku ni nzuri kabisa. Jumla hiyo pia haijui ukame. Ndiyo maana mkulima hupima udongo, kisha bado huangalia utabiri wa wiki ijayo.

Mswahili wa Singida anaweza kuuliza haya yanamhusu nini. Kwa kupanda alizeti, hayamhusu sana: joto analo mwaka mzima, anachosubiri ni mvua za kupandia. Karibu na ikweta miezi haitofautiani sana kwa joto, hivyo siku zilizoandikwa kwenye mfuko wa mbegu hutosha. Kinachotofautiana kwetu ni mwinuko. Mahindi ya mbegu ileile yakipandwa Njombe hukomaa baada ya yale ya Morogoro, kwa sababu kila siku ya Njombe huleta nyuzi-siku chache zaidi. Ndivyo ilivyo pia katika mashamba makubwa ya ngano ya Timau, Kenya, ambako kanola huzungushwa na ngano kwenye miinuko ya Mlima Kenya. Afisa ugani anayehama wilaya ya chini kwenda ya juu hulijua jambo hili kwa mazoea. Alichokosa ni jina lake.

Liko sharti moja katika kulitumia jina hilo. Kizingiti hubadilika kulingana na zao: kwa mahindi, Wamarekani hutumia takriban nyuzi 10, kwa ngano wengi hutumia 0. Hali ya hewa ileile hutoa jumla tofauti kwa kila kimoja. Anayeandika “nyuzi-siku 600” pekee hajatueleza kitu. Aandike “nyuzi-siku 600 juu ya kizingiti cha 5”, na aseme zilianza kuhesabiwa tarehe gani.