Waya wa ardhini: kutoka kwa Franklin hadi paneli ya kukunja

Tangu stima ipotee karibu nchi nzima tarehe 25 Agosti 2023, hadi uwanja wa ndege wa JKIA ukakaa gizani, marafiki zangu kadhaa wamenunua paneli za sola za kubebeka pamoja na visanduku vya betri vyenye inveta ndani. Na kwa kuwa naandika programu, wananiona fundi wa kila kitu chenye waya. Swali lao ni lile lile: je, paneli inahitaji ule waya wa ardhini, unaoitwa ethi na mafundi? Jibu lipo, ila halieleweki vizuri mpaka ujue waya huo ulitoka wapi.

Mwanzoni ulikuwa wa radi tu. Mwezi Mei 1752, kule Marly-la-Ville karibu na Paris, wazo la Benjamin Franklin lilijaribiwa kwa chuma kirefu kilichosimamishwa bila kugusa ardhi, na cheche zikapatikana kutoka mawinguni. Ulaya nzima ikashikwa na hamu. Agosti 1753 Profesa Georg Wilhelm Richmann wa St. Petersburg alikuwa na chuma kama hicho, kimeshuka kutoka paani hadi kwenye kipimo chake ndani ya nyumba, na kikaishia hapo. Radi ilipokuja haikuwa na njia ya kwenda udongoni ila kupitia kwake mwenyewe. Ilimpiga kwenye paji la uso akafa papo hapo. Ajabu ni kwamba Franklin alikuwa ameshachapisha, katika almanaka yake ya 1753, kwamba chuma cha kulinda nyumba kishuke futi tatu au nne ndani ya ardhi yenye unyevu. Unyevu, jamani! Murram kavu haipitishi umeme vizuri, hata leo.

Kazi ya pili ndiyo inayonifurahisha zaidi. Mwaka 1838 Mjerumani Carl August von Steinheil alitaka kutumia reli za Nuremberg hadi Fürth kama nyaya za telegrafu. Zilimshinda, maana umeme ulivujia ardhini. Lakini akatambua kuwa basi ardhi yenyewe inaweza kuwa njia ya kurudia, na telegrafu ikahitaji waya mmoja badala ya mbili. Nani hapendi kasoro inayogeuka kuwa mali?

Kazi ya tatu iko ukutani kwako. Plagi yetu ya pini tatu inatokana na kiwango cha Uingereza cha BS 1363 cha mwaka 1947. Ile pini ndefu ya juu huingia kwanza na kutoka mwisho. Waya wa moto ukigusa mwili wa birika, ethi inaupa umeme njia rahisi, mkondo unakuwa mkubwa na fyuzi inakatika kabla hujaungua wewe.

Sola ilikuja na historia nyingine kabisa. Seli ya Bell Labs ya mwaka 1954, iliyogeuza takriban asilimia 6 ya mwanga kuwa umeme, ilitokana na kutafuta umeme wa kuendesha simu za mbali ambako betri ziliharibika kwa unyevunyevu. Kwetu Kenya ilianza kuenea mashambani miaka ya 1980: paneli ndogo, betri ya gari, taa, TV ya volti 12. Kwa volti 12 hakuna anayerushwa, kwa hiyo hakuna aliyejali ethi. Mazoea hayo tukayarithi.

Ila kisanduku cha leo kinatoa volti 230. Vingi havijafungwa na ardhi popote. Umeme wake unaelea. Ukigusa waya mmoja, umeme hauna njia ya kurudi kupitia ardhi, kwa hiyo hitilafu ya kwanza hukusamehe. Ya pili haisamehi. Balaa kubwa ni wale wanaotengeneza waya wenye plagi pande zote mbili ili kulisha soketi za nyumba. Pini zinabaki wazi zikiwa na moto, na stima ya kampuni ikirudi zinagongana. Usifanye hivyo kabisa.

Sasa jibu. Paneli ya kitambaa isiyo na fremu ya chuma haina cha kufungia ethi. Wingu likitanda, hasa ukiwa Kisii au Kakamega, chomoa waya uiingize ndani. Chuma cha ardhini hakitaiokoa. Paneli yenye fremu ya alumini iliyokaa paani, hiyo ifungiwe ethi, lakini kwenye ethi ile ile ya nyumba. Ukiichimbia chuma chake peke yake, radi ikipiga jirani vyuma viwili vitakuwa na volti tofauti, na tofauti hiyo itapitia kwenye inveta yako. Na fundi atumie tundu lenye alama ya ethi kwenye fremu, pamoja na washa yenye meno, kwa sababu alumini hiyo imepakwa ngozi ngumu isiyopitisha umeme.