Mfasiri wa Butiama na Mizani ya Uhakiki

Imekuwa ada ya wataalamu wa fasihi yetu kumpima mhakiki kwa makala aliyoyachapisha na tasnifu aliyoitetea, na kwa kipimo hicho mkoa wa Mara, ambao ulimzaa mtu aliyeitwa Mwalimu na taifa zima, hauhesabiwi kuwa na sehemu yoyote katika tarehe ya uhakiki wa Kiswahili. Kipimo hicho kina kasoro. Makala haya yanadai ya kuwa Julius Kambarage Nyerere alikuwa mhakiki, na kwamba hukumu zake juu ya fasihi hazikukaa katika insha, bali zilikaa katika tafsiri, mahali ambapo kila neno lililokubaliwa ni ushahidi wa maneno mengine yaliyokataliwa.

Dai hili halifahamiki vema pasipo kukumbuka jinsi mtu huyu alivyokutana na lugha. Alizaliwa Butiama mwaka 1922, mwana wa Nyerere Burito, mtemi wa Wazanaki, na wa Mugaya, mmoja wa wake wengi wa mtemi huyo. Na husimuliwa kwamba Mtemi Makongoro wa Ikizu, katika nchi ambayo leo imo wilayani Bunda, alipouona wepesi wa akili wa kijana huyu katika mchezo wa bao, ndiye aliyemshauri baba yake ampeleke shuleni. Basi mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12, akaenda Mwisenge, Musoma, mwendo wa maili 26 hivi kutoka nyumbani, na huko ndiko alikojifunza Kiswahili. Jambo hili wasifu wake mwingi hulitaja kwa haraka na kupita, ilhali ndilo ufunguo wa kazi zake za baadaye. Aliyenyonya lugha pamoja na maziwa ya mama huyatumia maneno kama anavyovuta pumzi, hayaoni. Lakini aliyeyapata ukubwani, na kuyashika moja moja kama kete za bao, huujua uzito wa kila moja, na huyajua mashimo ambamo lingeweza kutiwa na hakulitia.

Kutoka Mwisenge alikwenda Tabora, kisha Makerere, ambako aliandika insha iliyomletea tuzo, akipima hali ya wanawake wa Kizanaki kwa hoja za John Stuart Mill. Na hapo tayari twaiona tabia ya mhakiki, yaani kukileta kitabu cha mbali mbele ya mambo ya kwao na kuviacha viwili hivyo vihojiane. Akafundisha St. Mary's ya Tabora, akasoma Edinburgh kuanzia mwaka 1949 hata 1952, akarejea kufundisha Pugu. Mwaka 1955, siasa ilipomlazimu kuacha ualimu, alirudi kwao Mara, akamfundisha Kizanaki padre mmoja wa shirika la Maryknoll na kutafsiri masomo ya Maandiko kwa lugha hiyo. Ualimu na tafsiri, basi, vilikuwa kwake kazi moja kabla hajawa mtawala wa nchi.

Mwaka 1963 alichapisha tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare juu ya kuuawa kwa Julius Caesar, na mwaka 1969 akaitoa tena, imesahihishwa, kwa jina la Juliasi Kaizari. Mambo mawili katika kazi hii yanastahili kuzingatiwa. La kwanza ni umbo. Shakespeare aliandika sehemu kubwa ya tamthilia hiyo kwa mistari yenye mapigo lakini isiyo na vina, na Nyerere akaifuata kanuni hiyo katika lugha ambayo washairi wake walishika kwamba shairi lisilo vina na mizani si shairi. Miaka 11 baada ya toleo la kwanza, mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi wa kisiwa cha Ukerewe alichapisha Kichomi, na ukazuka ubishi mkubwa juu ya mashairi huru. Ubishi huo umeandikiwa mengi. Lakini ni nadra kukumbukwa kwamba mistari isiyo vina ilikwisha kusemwa kwa Kiswahili kwa kinywa cha Brutus na cha Antony, wala lugha haikuharibika. Jambo la pili ni masahihisho yenyewe. Mtu aliyeshika dola nzima, naye ana kila udhuru wa kuiacha kazi iliyokwisha kuchapishwa ilivyo, aliiketia upya, akahukumu dhidi yake mwenyewe. Huo ni uhakiki mgumu kuliko wa kuhukumu kazi za wenzetu.

Mwaka huo huo wa 1969 ikatoka tafsiri yake ya mchezo mwingine wa Shakespeare, Mabepari wa Venisi, na hapa hukumu yake imeandikwa kwenye jalada. Katika jina la mchezo wake Shakespeare alimtaja mfanyabiashara mmoja, naye ni Antonio. Nyerere akaandika kwa wingi. Neno bepari, lililotujia kutoka Kigujarati, kwa asili lilimtaja mfanyabiashara tu, lakini miaka miwili baada ya Azimio la Arusha hakuna msomaji aliyelisikia bila kuusikia ubepari ndani yake. Kwa herufi mbili za mwanzo, ma-, mfasiri aliondoa lawama juu ya kichwa cha mkopeshaji Shylock peke yake na kuieneza mji mzima: anayedai ratili ya nyama ni bepari, na anayesafirisha shehena kwa merikebu zake ni bepari vilevile.

Mpinzani atasema kwamba hii ni siasa iliyovishwa kanzu ya fasihi, na kwamba Shakespeare hakulijua Azimio. Hoja hii ina insafu ndani yake, na siikatai yote. Tafsiri hiyo yaufinya mchezo ule, na machungu ya Shylock kama Myahudi anayedharauliwa yaweza kufifia mtu akimwona bepari tu. Lakini kosa la namna hii ni kosa la mhakiki, si la karani anayenakili. Asiye na maoni hapotoki. Tena mtu aliyetafuta manufaa ya utawala tu asingewapa raia wake, akiwa kiongozi wao, mchezo kama Juliasi Kaizari, ambamo watu waungwana wanamchoma mtawala kwa majambia na kujadiliana iwapo walitenda haki.

Wala Mara si pekee katika kutoa mhakiki aliyeshika madaraka. Kule Kerala, Bara Hindi, Joseph Mundassery, mwalimu wa chuo huko Thrissur na mhakiki mashuhuri wa fasihi ya Kimalayalam, aliingia katika serikali ya mwaka 1957 akiwa waziri wa elimu. Tofauti yake na Nyerere ni kwamba Mundassery aliacha vitabu vya uhakiki vinavyojitambulisha kwa jina hilo, kwa hiyo hakuna anayemnyima cheo chake; Nyerere wetu aliacha ushahidi pasipo maelezo. Lakini wote wawili walifahamu kwamba mhakiki hana maana pasipo wasomaji. Musoma, mji ule ule ambako mtoto wa Kizanaki alijifunza Kiswahili, ndiko TANU, chama alichokiongoza, ilikoazimia mwezi Novemba 1974 kwamba elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo 1977.

Uzeeni, baada ya kung'atuka, alizigeuza Injili kuwa tenzi, zilizochapishwa mwaka 1996, na safari hii vina na mizani vikarudi. Anayeona hapo kigeugeu hajamfahamu. Tamthilia husemwa na mtu mmoja kumjibu mwingine, na vina vingeyafunga maneno yao. Utenzi hughanwa mbele ya jamaa, na vina ndivyo vinavyousaidia moyo kuhifadhi. Mtu aliyejua kuiacha kanuni mahali pake na kuirudia mahali pake alikuwa na nadharia ya umbo, hata kama hakuiandika.

Alizikwa Butiama mwezi Oktoba 1999, na kila mwaka husemwa mengi juu ya siasa yake. Kazi iliyobaki kwa wanafunzi wa fasihi ni ndogo na ya subira: kuliweka toleo la 1963 kando ya lile la 1969, kufuata mstari kwa mstari, na kuuliza kila penye badiliko ni kwa nini neno la kwanza halikumridhisha.