Kura za Mwisho wa Reli

Magazeti yetu yamezoea kuyagawa majimbo mafungu mawili: ngome ya CCM na ngome ya upinzani. Kigoma Mjini limewahi kupewa majina yote mawili, na hakuna lililodumu. Tangu uchaguzi mkuu wa vyama vingi wa mwaka 1995 hadi ule wa 2025, jimbo hili limekuwa la CHADEMA, likawa la CCM, likawa la ACT-Wazalendo, kisha likarudi CCM. Katika miaka yote hiyo 30 hakuna mbunge aliyezidisha vipindi viwili. Hakuna sheria inayowataka wapiga kura wa Kigoma wafanye hivyo. Wamefanya wenyewe, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo historia inayostahili kuandikwa kuhusu jimbo hili, kuliko historia ya chama chochote kilichopita pale.

Jimbo lenyewe ni miji miwili iliyoungana. Ujiji ndio mkongwe: kituo cha misafara, mji wa Waswahili, Wamanyema na Waha, ambako Burton na Speke walifika mwaka 1858 na Stanley akamkuta Livingstone mwaka 1871. Kigoma ni mtoto wa reli, iliyofika ziwani mwaka 1914 baada ya safari ya kilomita zaidi ya 1,200 kutoka Dar es Salaam. Bandari ikajengwa chini, stesheni ikajengwa juu yake, na mji ukapanda vilima kuelekea Mwanga na Gungu. Hadi leo mtu akisema "mwisho wa reli" hahitaji kutaja jina. Dagaa wa Kibirizi, migebuka na mawese vinapanda treni kwenda bara. Saruji, nguo na wanasiasa vinashuka.

Umbali huo una gharama zake, na gharama hizo ndizo zimekuwa hoja za kampeni kizazi baada ya kizazi. Lami ya kuuunganisha mji na mikoa mingine ilichelewa mno. Umeme kwa miongo ulitoka kwenye majenereta ya dizeli. Mji uliokaa kando ya ziwa la pili kwa kina duniani ulilia maji ya bomba. Tena kuna jambo ambalo wageni hawalioni haraka: mtu wa Kigoma amezoea kuulizwa uraia wake. Jina lake linafanana na la Mrundi, lafudhi yake inafanana na ya Mkongo, basi kwenye kizuizi cha barabara au dirisha la ofisi anaambiwa athibitishe kwamba yeye ni Mtanzania. Kwa watu wanaoishi hivyo, kusimama kwenye foleni ya kupiga kura na jina lako likasomwa kutoka kwenye daftari ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana ukiwa Dodoma.

Kabla ya vyama vingi hakukuwa na mengi ya kushindania. Mwaka 1960, uchaguzi uliotangulia uhuru wa Tanganyika ulikuwa na viti 71, na 58 kati yake vilikwenda bila kupingwa. Kuanzia 1965 ukaja utaratibu wa chama kimoja: kila jimbo majina mawili, yote ya TANU, yote yamechujwa juu, mmoja akipewa alama ya jembe na mwingine nyumba. Wapo waliodharau uchaguzi wa namna hiyo. Mimi siwaungi mkono kikamilifu, kwa sababu ndani ya uwanja ule mwembamba wananchi walijifunza kumwangusha mkubwa. Mwaka 1965 hata Paul Bomani, waziri, alipoteza kiti. Ila jembe na nyumba vilikuwa vya shamba moja. Mtu aliyetaka kusema kwamba chama chenyewe kimemsahau hakuwa na mahali pa kuweka alama yake.

Mahali hapo palipatikana Julai 1992, vyama vingi viliporuhusiwa baada ya ripoti ya Tume ya Nyalali. Tume hiyo iliwakuta wengi wa waliohojiwa wakitaka chama kimoja kiendelee, lakini ikashauri mlango ufunguliwe. Kabla ya uchaguzi mkuu, mfumo mpya ulipimwa kwanza kwenye chaguzi ndogo: Kwahani huko Unguja mwaka 1993, halafu Ileje, Igunga na Kigoma Mjini. CCM ilitangazwa mshindi kote. Kwingine mambo yaliishia hapo. Kigoma hayakuishia.

Uchaguzi mdogo wa Kigoma ulifanyika mwaka 1994. CCM ilimsimamisha Azim Premji. CHADEMA, chama cha Edwin Mtei ambacho kilikuwa hakijatimiza hata miaka miwili, ikamsimamisha Dk. Aman Walid Kabourou, kijana wa pale pale. Mkoa ulikuwa umefurika wakimbizi wa Burundi walioingia baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993. Redio iliyosikika nchi nzima ilikuwa moja tu, Radio Tanzania Dar es Salaam, kwani redio binafsi zilikuwa ndiyo kwanza zinachungulia. Fikiria mpiga kura wa Buzebazeba au Kasingirima jioni, kaketi kibarazani: anachokijua kuhusu kampeni za mji wake mwenyewe kinapitia studio ya Dar es Salaam, na studio hiyo ni ya serikali ambayo chama chake kina mgombea.

Premji alitangazwa mshindi. Kabourou akaenda mahakamani. Katika malalamiko yake yalikuwamo matangazo ya redio yaliyoegemea upande mmoja, maneno ya kumchafua yaliyotolewa majukwaani, na matengenezo ya barabara yaliyochomoza katikati ya kampeni. Hilo la barabara linanigusa zaidi. Mji umekaa miaka na mashimo yake, mvua zikija na kwenda. Halafu kura zinakaribia na ghafla kazi ya barabara inaanza. Kila Mtanzania amewahi kuona kitu cha namna hiyo. Tofauti ni kwamba safari hii kuna mtu aliyesimama mbele ya jaji na kuuliza: hii ni huduma au ni hongo?

Mahakama Kuu ilitengua ushindi ule. Serikali ikakata rufani, na Mahakama ya Rufani, wakati huo Jaji Mkuu akiwa Francis Nyalali, ikashikilia kwamba uchaguzi haukuwa halali. Hukumu hiyo imo katika ripoti za sheria za mwaka 1996, Mwanasheria Mkuu na wenzake wawili dhidi ya Aman Walid Kabourou, na wanasheria wa uchaguzi wanaisoma hadi leo. Ilitamka kwamba matangazo ya Radio Tanzania yaliipendelea CCM kinyume cha sheria. Ilitamka pia jambo zito zaidi: kwamba chochote kinachoufanya uchaguzi usiwe huru na wa haki ni sababu halali ya kuutengua, na kwamba uchaguzi usio huru na wa haki si uchaguzi unaokusudiwa na Katiba. Sheria hiyo ya nchi nzima ilianzia kwenye vituo vya kura vya mji ambao wengi wetu tunaufikiria kwa dagaa na treni. Sidhani kama Kigoma imewahi kushukuriwa ipasavyo kwa hilo.

Mwaka 1995 Kabourou akashinda. CHADEMA ilipata viti vitatu tu vya majimbo nchi nzima, na Kigoma Mjini kilikuwa kimoja. Ikumbukwe kwamba chama hicho hakikuwa na mgombea urais mwaka ule. Kilimuunga mkono Augustine Mrema wa NCCR-Mageuzi. Mwaka 2000 hakikuwa naye pia, kilikuwa na Ibrahim Lipumba wa CUF. Kabourou alipita mara zote mbili, bila mgombea urais wa chama chake kumbeba. Kigoma ilikuwa inamchagua mtu wake, aliyewahi kusimama mbele ya serikali na kuishinda mahakamani.

Lakini miaka kumi ni mingi kwa jimbo hili. Mwaka 2005, wimbi la Jakaya Kikwete likiwa limefurika nchi nzima, Kabourou aliangushwa na Peter Serukamba wa CCM. Siku hiyo hiyo, jimbo la jirani la Kigoma Kaskazini lilimpeleka bungeni kijana wa CHADEMA mwenye umri wa miaka 29, Zitto Kabwe, ambaye miaka miwili baadaye angesimamishwa ubunge kwa kuuhoji mkataba wa mgodi wa Buzwagi na kurudi mitaani akiwa maarufu kuliko mawaziri.

Uchaguzi wa 2010 ndio unaowachanganya wale wa "ngome". Mkoa wa Kigoma uligeuka: NCCR-Mageuzi ilipata viti vinne vya majimbo nchi nzima, na vyote vinne vilikuwa vya mkoa huu. David Kafulila alichukua Kigoma Kusini, Moses Machali Kasulu Mjini, Agripina Buyogera Kasulu Vijijini, Felix Mkosamali Muhambwe. Zitto akabaki Kaskazini. Na Kigoma Mjini, iliyoanzisha yote haya mwaka 1994? Ilimrudisha Serukamba wa CCM. Miaka mitano baadaye ikawa kinyume chake. CCM iliyarudisha majimbo karibu yote ya mkoa, isipokuwa Buyungu alikoshinda Kasuku Bilago wa CHADEMA, na mjini, ambako CCM ilishindwa.

Mwaka 2015 mjini ulikuwa na mambo ya kusimuliwa. Zitto alikuwa amekwishatoka CHADEMA kwa ugomvi uliofika mahakamani, akajiunga na ACT-Wazalendo, chama kilichosajiliwa mwaka uliotangulia. Hakuwa ndani ya UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, kwa hiyo upinzani wenyewe ulimwekea mpinzani. Aliacha Kigoma Kaskazini akaja mjini. Serukamba akaacha mjini akaenda Kaskazini, na wote wawili wakashinda, kama watu waliobadilishana nyumba. Mgombea wa CCM aliyemkabili Zitto alikuwa Dk. Aman Walid Kabourou. Ndiye yule yule wa 1994. Alikuwa amehamia CCM, akapitia Bunge la Afrika Mashariki, akawa mwenyekiti wa chama mkoani, na sasa aliomba kura za watu wale wale kwa tiketi ya chama alichokishinda mahakamani. Hawakumpa. Alifariki mwaka 2018, na yeyote atakayeandika historia ya vyama vingi nchini lazima amtaje kwa heshima, hata kama mwisho wake kisiasa haukufanana na mwanzo.

ACT-Wazalendo ilipata kiti kimoja tu cha jimbo mwaka 2015, hicho cha Kigoma Mjini, pamoja na uongozi wa Manispaa ya Kigoma-Ujiji chini ya Meya Hussein Ruhava. Manispaa hiyo ikachaguliwa mwaka 2016 kuwa miongoni mwa serikali 15 za ngazi ya chini duniani, ikiwa orodha moja na Paris, Madrid na Seoul, za majaribio ya mpango wa kimataifa wa uendeshaji wa serikali kwa uwazi. Mwaka 2017 Tanzania ikajitoa kwenye mpango huo, na Kigoma ikatoka nayo. Naliona hilo kuwa hasara halisi: mji mdogo ulijaribu kuwafungulia wakazi wake mafaili, ukazuiwa na uamuzi usiokuwa wake. Kiti kile kimoja, hata hivyo, ndicho kilichokipa chama sauti bungeni, na Machi 2019 Maalim Seif Sharif Hamad, kinara wa upinzani Zanzibar, alipoondoka CUF na watu wake, chama walichokikimbilia kilikuwa hicho. Siasa za Zanzibar za leo zina deni kwa wapiga kura wa Mwanga na Ujiji.

Mwaka 2020 Kilumbe Ng'enda wa CCM alitangazwa mshindi, katika uchaguzi ambao upinzani ulikaribia kufutika nchini na ambao matokeo yake upinzani uliyakataa. Mwaka 2025 CCM haikumsimamisha tena Ng'enda. Ilimleta Clayton Chipando, msanii ajulikanaye kama Baba Levo, ambaye zamani alikuwa diwani wa ACT-Wazalendo mjini humo humo. Alitangazwa kumshinda Zitto. Uchaguzi ule wa 29 Oktoba ulifanyika CHADEMA ikiwa nje ya kinyang'anyiro, mgombea urais wa ACT-Wazalendo akiwa ameenguliwa, intaneti ikiwa imezimwa na vurugu zikiwa zimezuka katika miji kadhaa.

Kipimo cha kuusomea uchaguzi huo, na ule wa 2020, tunacho, na ni Kigoma iliyotupa: je, ulikuwa huru, ulikuwa wa haki? Majaji walikwishasema kwamba idadi ya kura pekee haitoshi kujibu.

Kitu kimoja kinanisumbua. Hukumu imehifadhiwa, lakini watu wake wanaondoka. Waliokuwa mawakala wa vyama mwaka 1994, waliokesha vituoni wakilinda masanduku, waliokwenda kutoa ushahidi mahakamani, leo ni wazee. Wengi wako bado Gungu, Kibirizi, Rusimbi na Kitongoni. Hawajaandika vitabu na hawataandika. Wewe msomaji uliye Kigoma, ukiwa na mzazi, mjomba au jirani aliyekuwa miongoni mwao, mkalishe chini wiki hii, umuulize, na uandike anachokumbuka.